Mwanaume Asiyekoroma

Ukizisoma hadithi za mapenzi ya wanaume wawili kwa wingi, kama ninavyozisoma mimi, utamtambua kabla hajatamka neno. Ni mrefu. Ana mabega. Haongei sana, na akiongea husema jambo moja tu ambalo hutalisahau. Kuna msiba fulani katika maisha yake, ila si msiba wa kumfanya awe mgumu kuishi naye. Ni wa kutosha kumpa macho ya mtu anayefikiri. Kazi yake hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu: mcheza magongo ya barafuni, mzima moto, mwana wa mfalme, mchunga ng'ombe, daktari wa mifugo katika mji mdogo wenye theluji. Anajua kupika chakula kimoja, na anakipika vizuri mno. Anajua unachotaka bila kuambiwa. Hakoromi.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika fasihi, hapa Nairobi, na tasnifu yangu haihusu hadithi hizi. Inahusu jambo la heshima zaidi. Hizi nazisoma kwenye simu, ndani ya matatu, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa hadi mwisho ili abiria wa pembeni asione ni nani amembusu nani. Nimesoma mamia. Nyingine ni mbaya kabisa, na hizo nazo nimezimaliza.

Swali linalonisumbua ni hili: je, kuna ubaya wowote wa kimaadili katika kumtamani mtu ambaye hayupo? Najua wapo watakaosema ubaya upo na wala hauhitaji insha. Lakini wao shida yao ni kwamba huyo anayetamaniwa ni mwanaume. Shida yangu ni kwamba hayupo. Na aliyepo, ambaye ninaishi naye, aliwahi kuniuliza usiku mmoja akiwa amelala chali, "Kwani huyo jamaa wa kwenye simu ana nini?" Hakuuliza kwa wivu. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua. Nilimjibu kwa mzaha, akacheka, akageukia ukutani. Yeye hukoroma.

Tuanze na sifa moja ya hadithi hizi ambayo watu huidharau, yaani mwisho wake. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kiliwahi kuweka masharti mawili tu ya riwaya kuitwa ya mapenzi: penzi liwe ndilo kiini cha kisa, na mwisho uridhishe moyo na kutia matumaini. Kwa msomaji wa penzi la Juma na Amina, sharti la pili ni kama sukari kwenye chai, linazoeleka mpaka halionjwi. Kwa wanaume wawili, mwisho wa namna hiyo kwa muda mrefu ulikuwa kitu adimu mno. Giovanni wa James Baldwin, mwaka 1956, anasubiri kukatwa kichwa mjini Paris. Jack, katika hadithi ya wachunga kondoo aliyoiandika Annie Proulx mwaka 1997, anakufa kando ya barabara. Ni kazi bora, zote mbili, na nimelia kwa zote mbili. Lakini ukilishwa maiti tu tangu utotoni, utaanza kudhani mapenzi yako ni aina fulani ya ugonjwa ambao dalili yake ya mwisho ni mazishi.

Ndiyo maana namheshimu sana E. M. Forster kwa kitabu ambacho wakosoaji wengi hukihesabu miongoni mwa vitabu vyake dhaifu. Mwaka 1913 alikwenda kijiji cha Millthorpe kumtembelea Edward Carpenter, mwandishi aliyekuwa akiishi huko na mpenzi wake, George Merrill, mwanaume aliyetoka mitaa ya kimaskini ya Sheffield. Merrill akamgusa Forster mgongoni kwa chini, karibu na makalio. Forster alikuja kueleza kwamba mguso ule ulipita kwenye uti wa mgongo ukaingia moja kwa moja katika fikra zake, na kitabu kikaanza hapo hapo. Alikimaliza mwaka 1914, akakiita Maurice, kwa jina la mhusika wake mkuu: kijana wa Uingereza wa tabaka la kati, mwenye kazi ya fedha mjini, ambaye baada ya kuachwa na rafikiye msomi anampenda Alec, mlinzi wa wanyama wa kuwindwa katika shamba la huyo huyo rafiki. Alec anamjia usiku kwa ngazi, kupitia dirishani. Huyo ndiye babu wa Asiyekoroma wote.

Forster aliapa kwamba mwisho lazima uwe wa furaha. Kwa ajili ya mwisho huo hakuweza kukichapisha. Oscar Wilde alikuwa amefungwa miaka miwili mwaka 1895 kwa sheria ya mwaka 1885, na kitabu ambacho wawili hawa hawakamatwi wala hawajuti kingehesabika kuwa kinachochea uhalifu. Angeweza kumnyonga mmoja wao kwenye sura ya mwisho na huenda angepata nafasi zaidi. Alikataa. Kitabu kikalala kwenye mtoto wa meza, kikisomwa na marafiki wachache, mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1970. Kilichapishwa mwaka uliofuata.

Sasa, jambo linalonifanya nirudi kwake kila mara: alipoandika kitabu hicho alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano hivi, na alikuwa bado hajawahi kulala na mwanaume. Hilo lilitokea mwaka 1916, kule Alexandria, alikokuwa akifanya kazi na Msalaba Mwekundu wakati wa vita. Alec, basi, ni njozi tupu. Mtu asiyewahi kufika mjini alichora ramani ya mji.

Rafiki yake Lytton Strachey alipousoma mswada alimwambia waziwazi kwamba uhusiano ule usingedumu. Hawa wawili hawana kinachowaunganisha zaidi ya tamaa, na tofauti za kitabaka zingewatenganisha. Lilikuwa pigo la haki. Forster aliwahi hata kuandika sehemu ya nyongeza ambamo dada yake Maurice, miaka kadhaa baadaye, anakutana na wakata mbao wawili msituni. Kisha akaiondoa. Nadhani alijua kwamba njozi ikionyeshwa ikikata mbao kila siku, mvua na jua, itaanza kuuliza maswali: nani anapika, nani anaumwa mgongo, nani amechoka kumsikiliza nani.

Hoja kali zaidi dhidi ya Asiyekoroma nimeipata kwa mwanafalsafa, tena si adui. Iris Murdoch alitetea haki za wapenzi wa jinsia moja kabla sheria ya Uingereza haijabadilika, na riwaya yake The Bell ya mwaka 1958 ina mwanaume wa aina hiyo aliyechorwa kwa huruma nyingi. Kwake, kupenda ni kutambua, kwa taabu kubwa, kwamba kuna mwingine asiyekuwa wewe na ambaye yupo kweli. Adui wa utambuzi huo ni njozi: lile pazia tunalolifuma kwa matamanio yetu wenyewe halafu tukalitundika mbele ya uso wa mtu. Stendhal alikuwa amelisema jambo la jirani na hilo mwaka 1822, ila yeye kwa furaha. Wafanyakazi wa mgodi wa chumvi wa Salzburg, alieleza, hutupa tawi kavu shimoni, na baada ya miezi miwili au mitatu wanalitoa likiwa limefunikwa fuwele zinazometa hata usilitambue tawi. Ndivyo tunavyowafanya tunaowapenda. Stendhal aliona fuwele ni nzuri. Murdoch, nafikiri, angeliulizia lile tawi.

Nami naliulizia. Mwaka 1992 kule Japani, Satō Masaki, mwanaume mwenye kupenda wanaume, aliandika katika jarida dogo la wanawake kulalamikia hadithi za wavulana wapendanao, ambazo tangu miaka ya sabini zilikuwa zikiandikwa na wanawake na kusomwa hasa na wanawake. Alisema kwa hasira kwamba wanaume wazuri waliochorwa mle hawana uhusiano wowote na watu kama yeye, na kwamba sura zao zinawatumikia wasomaji, si yeye. Ubishi ule uliendelea kwa miaka. Kuna wanawake waliomjibu kwamba njozi ile haikuwa inamhusu yeye kabisa. Ilikuwa chumba chao cha kupumua, mahali pa kuwaza mapenzi bila mwanamke yeyote kuumizwa ndani yake. Nawaelewa. Lakini namwelewa zaidi yeye. Kusikia kwamba picha yako haikuhusu, hilo nalo ni jeraha la pekee.

Na sisi wenyewe si wema zaidi. Riwaya ya Gordon Merrick ya mwaka 1970, The Lord Won't Mind, iliyoingia hadi kwenye orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana, iliandikwa na mwanaume mwenye kupenda wanaume, na vijana wake wawili wana sura na miili ambayo mimi sijawahi kuiona Gikomba, wala Westlands, wala popote. Mnene hapendwi mle. Mweusi hapendwi mle. Mwenye deni la kodi hapendwi mle. Tamaa inayojifunzia darasa hilo hutoka na vipimo vyake mfukoni, na vipimo hivyo huwekwa juu ya mabega ya watu halisi. Hapo Murdoch yuko sahihi, na sitafuti njia ya kumkwepa.

Ila kuna sifa moja ya Asiyekoroma ambayo sidhani Murdoch angeweza kuiona kutoka alikokaa. Kati ya sifa zake zote, mabega, upishi, theluji, ninayoitamani kweli ni ile ya kujua bila kuambiwa. Nimejaribu kujiuliza kwa nini hiyo. Watu husema ni uvivu wa kihisia, mtoto anayetaka mama amsome kilio chake. Huenda kwa wengine ndivyo ilivyo. Mimi nimekulia mahali ambapo kusema ndilo jambo la hatari. Tulijifunza kuongea kwa macho, kwa jinsi mtu anavyochelewesha mkono katika kusalimiana, kwa wimbo alioupakia kwenye simu, kwa utani unaoweza kukanushwa ukipokelewa vibaya. Mtu aliyelelewa na ishara atamwota nani, kama si msomaji bora wa ishara? Njozi ya kujulikana kimya kimya ni njozi ya waliozoeshwa kunyamaza.

Kisha anakuja mtu halisi, na unaendelea kumtumia ishara ndani ya chumba ambacho mlango wake umefungwa, pazia limeshushwa, redio ya jirani inafunika kila kitu, na hakuna anayekukataza kusema. Naye hazisomi, kwa sababu amechoka, ametoka zamu ya usiku kwenye duka la dawa. Kumpima kwa mtihani ambao hajui kwamba anaufanya si haki. Kama Asiyekoroma ana kosa la kimaadili, naliona hapo, wala si kwenye mabega yake: anafanya ukimya uonekane ni mapenzi.

Alec, kwa bahati, si Asiyekoroma kamili. Wasahaulifu hukumbuka ngazi na dirisha tu. Karibu na mwisho wa kitabu, wakiwa kwenye Makumbusho ya Uingereza mjini London, Alec anamtishia Maurice kwamba atamfichua asipotoa fedha. Anaogopa, amedharauliwa, barua zake hazijajibiwa, na anatumia silaha pekee ambayo sheria imempa mtu wa tabaka lake. Wanagombana mbele ya sanamu za kale na mwishowe wanasema mambo ambayo hawakuwa wameyasema kitandani. Forster, ambaye hakuwa na uzoefu wowote, aliwaza mwanaume anayeweza kukudhuru, akamwacha akudhuru kidogo, halafu akampenda. Njozi hiyo ilikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake.

Maisha yaliyofuata hayakumpa Alec. Yalimpa Mohammed el-Adl, kondakta wa tramu kule Alexandria, ambaye alioa, akapata mtoto akamwita Morgan kwa jina la Forster, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1922. Forster akaendelea kumwandikia barua marehemu kwa miaka mingine saba. Kisha, tangu mwaka 1930, yalimpa Bob Buckingham, askari polisi, ambaye naye alioa. Mwanzoni Forster na mke wa Bob walivutana. Baadaye wakazoeana, wakauguzana, na ni katika nyumba ya hao wawili kule Coventry ndiko mzee alikofia. Hakuna mchapishaji wa riwaya za mapenzi atakayekubali mwisho huo. Wanaume wote wawili walikuwa nusu wake na nusu wa watu wengine. Sijui mtu angeutafutia jina gani uhusiano wa miaka arobaini na askari mwenye mke, ila sithubutu kuuita mdogo.

Wala siamini kwamba Alec alimharibia Mohammed. Naelekea kuamini kinyume chake: mtu aliyewahi kujiandikia, sentensi kwa sentensi, kwamba wanaume wawili wa matabaka mawili wanaweza kuondoka pamoja wakiwa hai, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupanda tramu na kumsalimu kondakta mara ya pili. Siwezi kulithibitisha. Nalisema kama msomaji.

Sheria iliyokifungia kitabu kile mtoto wa meza ina ndugu zake huku kwetu. Waingereza waliiandika katika Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1860, kwenye kifungu cha 377, na maneno yanayofanana nayo yakaingia kwenye kanuni za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wao waliibadilisha ya kwao, kwa Uingereza na Wales, mwaka 1967. Sisi tulikuwa tumeshajitawala, tukabaki nayo. Kifungu cha 162 cha Kenya bado kinataja miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa ombi la kukifuta. Mwenye nyumba wetu anajua kwamba sisi ni mabinamu. Sijawahi kumwambia hivyo mimi. Alijisemea mwenyewe siku ya kulipa kodi, nasi tukaitikia.

Kwa hiyo nikisoma kuhusu yule daktari wa mifugo na mpenzi wake, kinachonishika pumzi mara nyingi si kitanda, ni ukurasa unaofuata. Asubuhi wanatoka kununua mkate. Wanatoka kwa mlango wa mbele. Mwenye duka anawasalimu wote wawili kwa majina na kuwauliza kama mbwa amepona. Mwandishi, anayeishi sijui wapi, ameipita sehemu hiyo haraka kwa sababu kwake ni kijazio cha sura. Mimi huirudia. Hapo ndipo penye ndoto, kwenye mkate, na sioni ni nani ninayemdhulumu kwa kuutamani. Forster mwenyewe alilazimika kuwapeleka watu wake msituni, na katika maelezo aliyoyaongeza kitabuni mwaka 1960 alikiri kwamba misitu ya kujificha ilikuwa imeshakwisha Uingereza. Nairobi tuna Karura, yenye geti na tiketi.

Majuzi nimeanza kumtafsiria mwenzangu hadithi hizi kwa mdomo, usiku, nikiisoma Kiingereza na kuisema Kiswahili. Nilidhani kazi ngumu itakuwa ni maneno ya mwilini, maana tuliyonayo ni ya hospitali au ya matusi, na hata neno shoga tumelikopa kwa wanawake wa pwani, ambao huitana hivyo wakimaanisha rafiki wa ndani, tukalirudisha likiwa na jiwe ndani yake. Lakini Kiswahili kimenishangaza upande mwingine. "Akamshika mkono, akamwambia anampenda." Huwezi kujua ni mwanaume au mwanamke, upande wowote. Forster alizuiwa na kiwakilishi. Kwetu wote tumo katika ngeli moja, ya mtu na watu, na sarufi haijali. Nyimbo za taarabu zimeliishi jambo hili miaka yote: mpenzi ni mpenzi, msikilizaji amvalishe nguo apendavyo. Ningeweza kumsomea hadithi nzima kwa sauti ndani ya matatu, mradi nifiche majina.

Hasara yake ni kwamba hata sisi hatujui. "Nani kamshika nani?" huuliza kila dakika. Inabidi niyarudishe majina, na majina ya Kimarekani kinywani mwangu yanamchekesha.

Juzi tulifika pale ambapo Asiyekoroma anarudi baada ya wiki tatu za kupotea. Anasimama mlangoni, mvua inamchuruzika, na anatoa hotuba ya nusu ukurasa kuhusu jinsi alivyokuwa nusu mtu. Nilikuwa nikihangaika na neno la kumwitia mwenzake, maana "mpenzi" lilikuwa limeshatumika mara nne, na "kaka" ndilo analoniita huyu wangu tukiwa stendi. Akanikatiza.

"Hapana. Mtu amepotea wiki tatu, hawezi kuanza na maneno yote hayo."

"Ataanza na nini?"

Alifikiri. Yeye ni mtu wa Likoni, hana haraka.

"Atauliza, 'Ushakula?'"

Nikamwambia kitabuni haipo. Akasema yeye hajui kitabu, anajua watu. Nikaitia, na hotuba nikairuka.